Asubuhi sukari 240, saa tano natetemeka: je, niongeze insulini ya jioni?

Swali: «Dokta, jambo. Mimi ni mama wa miaka 54, naishi Kadutu, hapa Bukavu, nauza sambaza. Nina sukari tangu miaka sita, na huu ni mwaka wa pili niko kwenye insulini, Mixtard 30 ya chupa: 20 asubuhi, 12 jioni. Asubuhi najipiga saa kumi na moja, nakunywa chai kavu, nashuka ziwani kungoja mitumbwi, nakula saa saba. Jioni najipiga saa kumi na mbili, tunakula saa tatu watoto wakishafika. Nikiamka nakuta 220, 240, hata 260. Lakini ikifika saa tano ya mchana natetemeka, jasho linanitoka. Mwezi uliopita nilianguka sokoni. Binti yangu anasema ya jioni tuipandishe hadi 18. Jirani anasema niache yote, ndiyo inayoniua. Nifanye nini? Na siku ambayo hakuna chakula, najipiga ao naacha? Na umeme ukikatika siku mbili, dawa inaharibika?»

Jibu:

Mama yangu, asante kwa kuandika namba na saa. Bila hizo ningekujibu kwa kubahatisha, na insulini haitaki kubahatishwa.

Ya jioni msiipandishe bado, wewe na binti yako. Wala usiache. Tuanze na hiyo ya saa tano, kwa sababu 240 ya asubuhi inaharibu mwili polepole, kwa miezi na miaka, lakini sukari ikishuka sana inaweza kukumaliza siku hiyohiyo, ukiwa na beseni kichwani katikati ya magari.

Chupa yako ina dawa mbili ndani. Ile 30 iliyo kwenye jina maana yake ni kwamba katika kila uniti 100, 30 ni insulini ya haraka na 70 ni ya polepole. Ukivuta 20 za asubuhi, 6 ni za haraka na 14 ni za polepole. Ya haraka inaanza kazi baada ya nusu saa hivi, nguvu yake inafika kileleni kati ya masaa 2 na 4, na inakwisha kama baada ya masaa 8. Ya polepole inachelewa kuanza, nguvu yake kubwa iko kati ya masaa 4 na 12, halafu inapungua taratibu.

Sasa iweke kwenye siku yako. Umejipiga saa kumi na moja alfajiri. Saa moja hadi saa tatu ile ya haraka inafanya kazi kwa nguvu zote, na tumboni kuna chai tu. Kuanzia saa tatu ile ya polepole nayo inaamka. Wakati huo umeshuka hadi ziwani, umenunua, umepanda tena mlima wa Kadutu na mzigo, na misuli inayofanya kazi inakula sukari zaidi kuliko ukiwa umekaa. Saa tano dawa zote mbili ziko kazini, mguu nao umetembea, chakula hakijaja. Ungekuwa mwili wangu na mimi ningetetemeka.

Kwa hiyo sindano haina kosa la kukuangusha. Ilikuja kufanya kazi na ikakuta sahani tupu. Chai kavu si chakula, Mama. Mchanganyiko huu umetengenezwa kwa mtu anayekula ndani ya nusu saa baada ya kujipiga, kila siku karibu saa ileile. Una njia mbili. Ya kwanza: endelea na saa kumi na moja, lakini saa kumi na moja na nusu ule kitu kizito kweli, fufu na maharage yaliyobaki usiku, au muhogo uliochemshwa na sambaza zako mwenyewe, halafu saa nne utafune kitu kidogo, ndizi au kipande cha kiazi kitamu. Ya pili: ukishindwa kula alfajiri, beba chupa na seringi kwenye mkoba, ujipige nusu saa kabla ya kula kule kule. Hapo chakula cha asubuhi kinakuja saa mbili au saa tatu, si saa saba.

Na kwa sababu umeshaanguka, mpigie simu daktari anayekufuata kesho asubuhi, umwambie hivyo waziwazi. Wagonjwa wengi wanaficha kuanguka wakiogopa kugombezwa. Mtu aliyeanguka kwa sukari ya chini huwa hatumngojeshi wiki: kipimo kilichohusika kinapunguzwa papo hapo kwa sehemu moja hadi mbili za kumi. Kwako ni uniti 2 hadi 4 kutoka kwenye zile 20. Hukuniambia kama una ugonjwa wa figo wala kama unameza vidonge vingine vya sukari. Yeye anajua, basi namba ya mwisho aitoe yeye.

Jambo moja tena: ukitetemeka, pima. Mtu aliyezoea 240 kwa miezi anaweza kutetemeka akiwa na 110, kwa sababu mwili umesahau kawaida yake ni ipi. Chini ya 70 ni kushuka kwa kweli, chini ya 54 ni hatari. Kama glukometa, kile kimashine cha kupima sukari, haiko karibu, usibishane na mwili wako, jitibu kama mtu aliyeshuka. Sukari ya mezani vijiko vidogo 3 au 4 kwenye maji, au nusu ya chupa ndogo ya Fanta. Ngoja dakika 15, pima tena. Bado iko chini ya 70, rudia. Ikipanda, kula chakula. Usianze na mandazi wala fufu, vinachelewa tumboni na wewe huna muda huo. Soda isiyo na sukari haisaidii kitu. Mwambie na mama anayeuza karibu yako: siku ukilala huitiki, asikumiminie chochote mdomoni, kitaingia kwenye mapafu. Akulaze ubavu, aite motari au gari, mwende hospitali mkachomwe glukosi.

Sasa tuje kwenye asubuhi.

Kuna kitu ninachowafundisha wagonjwa wangu hata kabla ya kushika seringi: kila namba iulize sindano iliyoizaa. Ya saa tano na ya jioni kabla ya kula zimezaliwa na sindano ya asubuhi. Ya wakati wa kulala na ya kuamka zimezaliwa na sindano ya jana jioni. Hapo binti yako amefikiri sawasawa, na nampongeza: 240 ya asubuhi ni swali la jioni. Lakini ona saa zenu. Unajipiga saa kumi na mbili, mnakula saa tatu. Katika zile 12, nne hivi ni za haraka, nazo zina nguvu kati ya saa mbili na saa nne usiku. Yaani zimeanza kazi kabla hujagusa tonge, na fufu inaposhuka zile nne zinaelekea kuchoka. Zile 8 za polepole zinabaki peke yao kupambana na chakula kizito cha usiku mpaka alfajiri. Kisha, karibu na mapambazuko, mwili wa kila mtu unatoa homoni za kumwamsha, na homoni hizo zinasukuma sukari juu.

Mkipandisha hadi 18 bila kugusa saa, mnaongeza nguvu mahali pasipo na chakula, kati ya saa mbili na saa tatu, na mnaongeza ya polepole inayofika kileleni wakati umelala na hakuna anayekuona. Hilo ndilo ninaloliogopa.

Basi sogeza sindano ya jioni. Mkila saa tatu, jipige saa mbili na nusu, uniti zilezile 12. Fanya hivyo siku tatu, bila kubadilisha kitu kingine cha jioni. Najua bandeleti za kupimia sukari ni ghali, kwa hiyo nakuomba 12 tu kwa siku hizo tatu, nne kwa siku: saa tano mchana, wakati wa kulala, saa tisa usiku, na ukiamka. Ile ya saa tisa usiku watu wanaikwepa kwa sababu ya usingizi. Weka simu ikuamshe. Ndiyo itakayotuambia ukweli.

Ukikuta saa tisa usiku iko chini, 60 au 70, basi usiku unashuka, kunywa sukari hapohapo, na kuongeza ya jioni kungekuwa kukuchimbia shimo. Zamani tulifundishwa kwamba 240 ya asubuhi mara nyingi ni mwili unaojitetea baada ya kushuka usiku. Siku hizi tunajua hilo si la kawaida kama tulivyodhani, lakini bado lazima litazamwe, hasa ukiamka na nguo imelowa jasho, kichwa kinauma, umeota ndoto mbaya. Ukikuta iko juu tangu wakati wa kulala na inabaki juu usiku mzima, tatizo ni chakula cha usiku au kipimo kidogo, na hapo daktari wako anaweza kupandisha, uniti 2 kwa mara moja, siku tatu za kuangalia, kisha 2 nyingine. Na ukikuta saa tisa ni 130 halafu saa kumi na moja ni 230, basi dawa ya polepole inakuishia kabla ya mapambazuko. Hapo mchanganyiko huu wenyewe haukufai jioni. Kuna njia ya kutenganisha, ya haraka kabla ya kula na ya polepole peke yake wakati wa kulala, ili kilele chake kikutane na alfajiri.

Lengo si 90. Kwa mama wa umri wako aliyeshaanguka, mwezi huu ningefurahi kuona asubuhi ya 130 hadi 150 bila kutetemeka. Baadaye tutashuka zaidi.

Kabla mtu yeyote hajapandisha namba, nataka niiangalie mikono yako. Katika miaka yangu ya kazi hii, kipimo «kilichokataa» mara nyingi kilikuwa kipimo sahihi kilichovutwa vibaya. Chupa yako ikikaa usiku, ile ya polepole inazama chini kama unga mweupe na juu panabaki maji safi. Mzee mmoja wa Bagira alikuwa akivuta hivyohivyo, bila kuichanganya. Wiki ya kwanza ya kila chupa alikuwa akitetemeka, wiki ya mwisho akipima 300, na kila mtu alimwambia anakula ovyo. Niliomba anionyeshe. Alichomoa chupa mfukoni, akaigeuza, akavuta. Chini ya kioo niliona unga wote umelala pale. Alikuwa akijipiga ya haraka nyingi mwanzoni, na mwishoni akibaki na ya polepole karibu peke yake. Ilaze chupa katikati ya viganja, iviringishe polepole mara 20 hadi iwe nyeupe sawasawa kama maziwa. Usiitikise, povu linakudanganya kipimo. Ikiwa bado ina mabonge au chembe zimeshika kwenye kioo, hiyo ni ya kutupa.

Halafu seringi. Soma chupa: imeandikwa 100 UI/ml. Soma na seringi: lazima nayo iandikwe 100, na mara nyingi kofia yake ni ya rangi ya chungwa. Ziko seringi za 40, kofia nyekundu, kwa insulini ya aina nyingine. Ukivuta dawa ya 100 hadi alama ya 20 kwenye seringi ya 40, umejipiga uniti 50, si 20. Duka la dawa likikosa zako likakupa «yoyote», kataa. Na wale wanaovuka hadi Kamembe, Rwanda, kununua, wasishtuke wakikuta Humulin 70/30: kampuni ya Lilly wanaandika ya polepole kwanza, Novo Nordisk, wanaotengeneza Mixtard yako, wanaandika ya haraka, lakini uwiano ni uleule. Hata hivyo ukibadilisha chupa, pima mara nyingi zaidi wiki hiyo.

Ukioga jioni, mkono ukiwa na sabuni, pitisha vidole tumboni pale unapojipigia. Ukihisi uvimbe laini, hata mdogo kama kokwa la mchikichi, hapo ngozi imechoka na dawa inaingia siku moja haraka, siku nyingine haingii. Pale hapaumi, ndiyo maana watu wanapapenda. Paache miezi kadhaa. Hama: kulia, kushoto, paja, kila sindano mbali na ya jana kwa upana wa vidole viwili. Ukihama kutoka kwenye uvimbe, dawa itaingia yote, kwa hiyo chunga kushuka. Baada ya kusukuma, hesabu hadi 10 ndipo uchomoe.

Siku isiyo na chakula. Hili nalijibu nikijua tunaishi wapi, na nikijua kwamba kuna asubuhi ambazo mama hana hata unga wa kusonga, anaona aibu kumwambia daktari. Mwambie. Sheria yako kwa chupa hii: usijipige kipimo kizima kabla ya kukiona chakula kwa macho. Kuchelewesha saa moja au mbili hakudhuru. Kama siku yote inakwenda bila kula, usijipige zote wala usiache kwa hasira; pima, na mpigie daktari. Wengi wetu tunashusha hadi nusu hivi, na kupima kila masaa 3 au 4. Nusu hiyo muiandike wewe na daktari wako mapema, kwenye jalada la daftari, kabla siku hiyo haijafika. Na usinywe kasiksi, ile pombe ya ndizi, siku hiyo, wala jioni yoyote tumbo likiwa tupu. Pombe inalizuia ini kutoa sukari ya akiba, na kushuka kunakuja usiku wa manane.

Kukosa chakula ni tofauti na kuugua. Ukiwa na homa na huwezi kula, sukari inaweza kupanda, kwa sababu mwili unaopigana unatoa homoni zilezile za alfajiri. Hapo kuacha insulini ni kosa kubwa. Kunywa maji, pima kila masaa 4. Kama ni malaria na wamekuwekea kwinini, waambie una sukari, maana kwinini yenyewe inashusha. Ukitapika bila kukoma, ukipumua kwa kina na haraka, mdomo ukinuka kama tunda lililoiva kupita kiasi, usingoje kesho.

Kwa jirani yako nina maneno machache. Anakupenda, aliona unaanguka. Lakini mwambie kuhusu Leonard Thompson, kijana wa miaka 14 wa Toronto, Kanada, aliyepigwa insulini ya kwanza Januari 1922. Kabla ya hapo mtoto wa sukari kama yake alilazwa njaa ili aishi miezi michache zaidi, hakukuwa na kingine. Yeye aliishi miaka 13 tena. Na kama katika mtaa wenu yuko mtoto au kijana anayejipiga tangu utotoni, huyo asithubutu kuacha hata siku moja, ale asile. Kwake ile ya polepole ndiyo inayomweka hai.

Umeme sasa. Chupa uliyoifungua haihitaji frigo hapa Bukavu. Tuko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na nyumba yenye kivuli hapa ina baridi ya kutosha. Kikaratasi cha ndani ya kisanduku kinaruhusu chupa iliyofunguliwa wiki 5 chini ya digrii 30, wiki 6 chini ya 25. Yako ina uniti 1,000. Kwa 32 kila siku inakwisha siku ya 31, kwa hiyo utaimaliza kabla haijaharibika. Andika tarehe ya kufungua kwenye kipande cha plasta. Hata kwenye joto kubwa kuliko letu, Chuo Kikuu cha Geneva na Madaktari Wasio na Mipaka walitoa utafiti mwaka 2021 kwa kufuata joto la kambi ya Dagahaley, Kenya, linalocheza kati ya 25 na 37: insulini ilibaki na nguvu yake wiki nne. Ninachokiogopa zaidi ni frigo yenyewe. Umeme ukirudi kwa nguvu usiku, chupa iliyoegemea ukuta wa barafu inaganda. Insulini iliyoganda ni ya kutupa, hata ikiyeyuka ikaonekana safi. Zile ambazo hujafungua ziweke mlangoni mwa frigo, na umeme ukikatika siku mbili usifungue mlango mara kwa mara, hazitadhurika. Kama huna frigo, chungu ndani ya chungu, mchanga uliolowa katikati, kitambaa kibichi juu, kivulini. Usinunue chupa iliyokuwa kwenye meza ya barabarani inapigwa na jua. Na mara zote uwe na moja ya akiba. Njia za mji huu unazijua.

Baada ya siku tatu, nenda kwa daktari na daftari, chupa hiyohiyo, na seringi moja uliyoitumia asubuhi hiyo. Nenda na binti yako pia, ajipange kuuliza maswali. Na mwonyeshe daktari kwa mikono yako mwenyewe unavyoiviringisha chupa, unavyovuta hewa 20 na kuisukuma ndani kabla ya kuvuta dawa, unavyogonga mapovu kwa ukucha. Asikupandishie namba kabla hajaona hayo.